Ulimi wa Wendelin

Walimfunga Wendelin Zeitler macho kwa kitambaa cha meza, naye akacheka. Ulimi wake haukuhitaji macho.

"Nikishindwa kuijua bia yangu," aliwaambia majirani waliojaa kwenye jengo la kupikia, "naishusha nyota ya babu leo hii, na zamu yangu ya kupika achukue Kreszenz. Nikiijua, nyota ya kushushwa ni yake."

Watu wakatazamana. Pale mjini wote walichemsha bia kwenye sufuria moja ya mji, kwa zamu, kisha kila nyumba ikaichachusha kwenye mapipa yake, chini ya sakafu yake. Ikiwa tayari, unatundika nyota ya mbao mlangoni, majirani wanakuja kunywa. Kreszenz Bauriedl, mjane wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na nyota yake. Wendelin aliiita bia yake maji ya kuoshea vyombo, na kwa miaka kumi na moja hakukanyaga kwake wala kuonja hata tone.

Wageni wa Wendelin mwenyewe, ni kweli, walikunywa gilasi moja tu, kisha wakakumbuka ng'ombe hawajakamuliwa. Hawana ulimi, alisema. Mapipa yake alikataza yasioshwe kwa maji ya moto, maana ule ukoko wa ndani ni urithi. Magoti yalikuwa yamemgomea siku nyingi, kwa hiyo mkewe Afra ndiye aliyeshuka ngazi kumi na nne kumletea bia ya chakula cha jioni kwa jagi la buluu. Alikawia huko, na majira ya baridi alirudi na theluji viatuni. Wendelin alikunywa akifumba macho kwa raha. Hata nguruwe wao walikuwa wanono, wenye usingizi mzito. Nyumba ilikuwa na baraka.

"Wendelin, achana na haya mambo," Afra alimnong'oneza. "Twende nyumbani, supu inapoa."

"Kaa, mke wangu. Leo utanionea fahari."

Ottmar, msimamizi wa sufuria, akamshikisha gilasi ya kwanza. Wendelin akaonja, akatema kwenye ndoo.

"Siki hii. Hata nguruwe wangu hawanywi. Mama Kreszenz, usininunie, ulimi hauna mfupa."

"Sinuni, baba," Kreszenz akajibu. "Endelea tu."

Gilasi ya pili aliinywa polepole, mpaka tone la mwisho, akajifuta povu kwenye masharubu.

"Hii ndiyo yenyewe. Ukoko wa babu huu, nausikia mpaka kooni."

Ottmar akazipindua gilasi na kusoma majina aliyoyaandika kwa chaki chini yake. Akakohoa. Aliyoitema ilikuwa ya Zeitler. Aliyoimaliza ilikuwa ya Bauriedl.

Wendelin akakivuta kitambaa. "Umechanganya, Ottmar. Hiyo ni bia yangu. Nainywa mezani kwangu kila siku ya Mungu, miaka kumi na moja sasa."

Afra alikuwa akitazama viatu vyake.

Kreszenz akainama chini ya benchi, akatoa jagi la buluu, akalisukuma taratibu juu ya meza.

"Afra," akasema, "leo asubuhi ulilisahau kwangu."