Ruhusa ya Kushuka

"Rudia," Randu alisema, mdomo wake ukikaribia kugusa kipaza sauti. "Sikukusikia vizuri. Rudia."

Redio ilikoroma. Mvua ya masika ilikuwa ikilipiga bati la kibanda kwa nguvu, hata waongozaji ndege wawili waliokuwamo ndani wakainamisha vichwa ili wasikie. Kisha sauti ya mwanamume ikapenya, ikisema Kiingereza kwa haraka.

"Bahari iko kulia kwangu. Mawingu yako chini mno. Mafuta yamebaki kidogo sana. Naomba kushuka Diani."

"Ndiye huyo," Randu alisema, akashusha pumzi.

"Hakutaja jina la ndege," mwenzake Salimu alimwambia. "Muulize."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni. Kila rubani aitaye alitakiwa kutaja jina la ndege yake, na mwongozaji alirudie kabla ya kumpa ruhusa yoyote. Randu mwenyewe ndiye aliyemfundisha Salimu kanuni hiyo, mwaka 1956, kiwanja kile cha nyasi kilipofunguliwa.

"Leo tunangoja ndege ngapi?" Randu aliuliza.

"Moja."

"Basi nimuulize nini? Mtu yumo katika dhiki, nami nimcheleweshe kwa majina?"

Salimu hakushindana naye. Upande wa pili wa ukuta alikuwa akimsikia dada yake akilia. Biasha alikuwa amelazwa barazani juu ya kitanda cha kamba, uchungu umemshika tangu jana, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Mkunga alikuwa amesema wazi: apasuliwe Mombasa, ama wapotee wote wawili. Barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko. Ndipo Salimu alipopiga simu Mombasa kuomba ndege.

Randu alibonyeza kitufe. "Diani inakusikia. Kiwanja ki wazi. Nakupa ruhusa, shuka."

Redio ikanguruma, kisha ikanyamaza. Randu aliita tena. Hakujibiwa.

"Kutoka Mombasa hadi hapa tu, mafuta yamwishie?" Salimu aliuliza.

"Labda amezungushwa na mawingu. Sikiliza!"

Mlio wa injini ulikuwa ukija. Wote wawili wakakimbilia mlangoni. Ndege ndogo nyeupe ikatokea kaskazini, upande wa Tiwi, imeshuka mno, nusura iguse vilele vya minazi. Ikayumba. Gurudumu moja likagusa nyasi, la pili likafuata, maji yakaruka pande zote. Ikateleza, ikateleza, kisha ikasimama katikati ya kiwanja, gurudumu la kushoto limezama matopeni.

Barazani watu wakapiga vigelegele. Mwanarusi, mama mkwe wa Biasha, alimwinamia mkaza mwanawe akamfuta uso kwa ncha ya leso.

"Imefika, mwanangu. Jikaze kidogo tu."

Wanaume wakakinyanyua kitanda. Salimu alimgeukia Randu.

"Nenda," Randu alimwambia. "Dada ni mmoja. Hapa nitabaki mimi."

Salimu alishika mguu mmoja wa kitanda, wakatoka mbio mvuani, majirani wengine nyuma yao wakichukua majembe na mbao za kuinulia gurudumu. Randu aliwatazama kutoka dirishani hadi wakawa vivuli tu chini ya bawa la ndege. Alijiambia kwamba amefanya vyema kutopoteza wakati.

Rubani aliingia kibandani akichuruzika maji, Mzungu kijana aliyekuwa akicheka kama mtu asiyeamini kwamba yu hai.

"Naomba watu zaidi wa kusukuma," alisema kwa Kiswahili. "Tumekwama kabisa."

"Watapatikana, bwana." Randu alimpa mkono kwa furaha. "Lakini umenitia hofu. Uliponyamaza ghafla, nilidhani umekwisha anguka."

Rubani aliacha kucheka. "Niliponyamaza? Mimi sikusema na mtu yeyote. Redio yangu imekufa tangu niliporuka Mombasa."

Randu hakuuachia mkono wake. Nyuma yake, redio ikakoroma, na ile sauti ya mwanzo ikasikika safi kabisa.

"Ahsante, Diani. Injini imezimika, lakini kiwanja nakiona. Nashuka."