Kalipa Iliyokwenda Mjini

Gurudumu la mbele la pikapu lilikuwa linafuka moshi, na mama aliyeshuka kwenye usukani alikuwa na makapi ya mahindi kwenye kitenge.

"Shikamoo mama," alisema Denis, fundi wa gereji ndogo ya Makutupora.

"Marahaba. Nitengenezee upesi, mwanangu. Natoka Kibaigwa, na saa nane nina kikao Haneti. Kuna kijana ameleta posa ya binti yetu Ritha."

Spana ikamponyoka Denis. Kijana huyo alikuwa yeye.

Ritha alishamwonya. Katika ukoo wao wa kuogopwa ni mmoja tu: shangazi Dorkasi, dalali wa mahindi wa Kibaigwa, asiyetaka hata kusikia neno fundi. Denis hakuwahi kumwona. Sasa amemwona, na makapi yake.

Akaingia chini ya gari kutafakari. Ugonjwa ulikuwa mdogo: kalipa, ile inayobana breki, ilikuwa imeganda kwa kukauka pini zake. Msasa, grisi, nusu saa. Lakini nusu saa ingemfikisha shangazi Haneti.

Akatoka na uso wa daktari anayewaita ndugu pembeni.

"Mama, hii kalipa imekufa. Inatakiwa mpya."

"Haiwezi kusafishwa tu?"

"Ningekuwa nakudanganya."

Dhamiri yake ilipolalamika, aliipaka ile grisi aliyoinyima kalipa. Akaifungua kalipa, akampa dereva wa bodaboda aipeleke mjini iwe sampuli, na kando akamnong'oneza asiharakishe. Kama ana ndugu wa kusalimia njiani, awasalimie wote.

Mama hakugomba. Kupanda gari jingine alikataa, asiache magunia yake barabarani. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akanunua zabibu, akampa Denis kichala kizima na kusema kwamba mafundi wanasemwa vibaya bure. Denis alizitafuna kwa adabu, akimhurumia kidogo adui aliyekwisha kushindwa.

Ilipotimu saa nane, mama akapiga simu.

"Dada, sifiki, gari limeniharibikia. Msinisubiri. Wifi yako Dorkasi si ameshafika na basi la asubuhi? Basi leo atasema peke yake. Mwambie Ritha anisamehe, mimi ndiye niliyekuwa nakuja kumtetea huyo fundi wake."