Ngedere na Ulimi wa Muhanga

Palikuwa na Ngedere mmoja, mvivu wa kusoma lakini hodari wa kunakili. Siku ya kutetea tasnifu yake kuhusu mchwa, alisimama mbele ya Profesa Korongo na kurasa mia mbili alizozichota kwa Muhanga, mla mchwa mashuhuri, bila kumtaja hata mara moja.

"Umeandika hapa," alisema Korongo, "'Nilitia ulimi wangu kichuguuni nikaonja mchwa wa kila chumba.' Ulimi wako huo?"

Mstari ule Ngedere aliunakili bila kufikiri, na shahada ilikuwa karibu mno. "Wangu, Profesa."

"Ushujaa ulioje! Hebu tuonyeshe."

Wakaenda kwenye kichuguu nyuma ya maktaba. Ngedere akafumba macho, akatia ulimi. Mchwa askari wakaung'ang'ania.

"Thi utafiti wangu!" akalia. "Ni wa Muhanga! Kitabu chake *Vyumba vya Mchwa*, chapa ya pili, ukuratha wa thelathini na thaba!"

Korongo akatabasamu. "Mwandishi, kitabu, chapa, ukurasa. Umenukuu barabara! Sasa rudi ukafanye hivyo kwa kurasa zote mia mbili."

Ngedere alitaka kubisha, lakini ulimi ulikuwa umevimba hata haurudi kinywani.