Konokono Mwekundu wa Mkuu

Mkuu wa maabara aliamuru mifuko ya kila mtu ipekuliwe, kutafuta mnyama mwenye ukubwa wa punje ya mchele.

Mlinzi alianza na Mnong'ono, mtafiti kijana aliyepewa jina hilo kwa sababu hata akikasirika ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Alipekua mkoba wake kwa adabu, kisha akamuuliza pembeni kama huyo mnyama anauma.

Aliyepotea alikuwa konokono wa bahari asiye na gamba, mwekundu. Wenzake waliojaa kwenye mawe ya pwani ni weupe. Kwa hiyo Mkuu alimtazama mara moja tu, akatangaza kuwa ni aina mpya duniani, na kwa unyenyekevu wake akaipa jina lake mwenyewe. Wageni walikwisha alikwa kuja kumpongeza. Asubuhi hiyo ya upekuzi, ndani ya tangi, Mkuu alimkuta konokono mweupe. Na ufunguo wa chumba alikuwa nao Mnong'ono.

"Ni yuleyule, Mkuu," Mnong'ono alisema, macho chini. "Amebadilisha chakula tu."

Akaeleza kwamba konokono hao hula haidroidi, wanyama wadogo wanaoota juu ya mawe mfano wa vichaka, na rangi ya walichokula huonekana mwilini. Huyu aliokotwa kwenye haidroidi nyekundu. Yeye alikuwa akimlisha nyeupe, ili Mkuu ajionee mwenyewe kabla hajaumbuka mbele ya watu.

"Kwa hiyo mimi nikila karoti nitageuka karoti?" Mkuu akauliza.

Mlinzi akacheka, maana alikuwa anaipenda kazi yake.

Mkuu akatoa uamuzi: siku ya wageni konokono wake awe amerudi, la sivyo Mnong'ono afungashe vitu vyake, mengine akayaeleze polisi. Mnong'ono akamfikiria mama yake, aliyekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba binti yake ni daktari wa konokono. Akaacha kubishana. Aliziondoa haidroidi nyeupe, akaweka nyekundu, akambembeleza konokono kimoyomoyo ale.

Konokono akala. Alikula kama aliyeelezwa hali halisi. Kwanza akawa wa waridi, kama mtu aliyeona haya, kisha akaiva kabisa, mwekundu.

Siku ya wageni ilipofika, Mkuu aliinama kwenye hadubini, mara moja kama kawaida yake, akainuka uso ukimng'aa. Alimshika Mnong'ono bega, akamwambia amemsamehe, ujana una mambo yake, na kazi yake ipo palepale. Mlinzi akampa mkono. Mnong'ono akageuka kurudi kazini.

Mkuu akafunga mlango, akamvutia kiti.

"Haya, binti yangu," akasema kwa upole wa mzazi, "na yule mweupe umempeleka wapi?"