Suruali Nzima

"Minye natumika ku Shituru, mama, ku acide, pamoja na marehemu bwana yako," alisema yule mnunuzi. "Natoka kule sasa hivi."

Kisha akaomba kuijaribu pikipiki ya marehemu niliyokuwa nauza.

Nilitazama suruali yake. Miaka kumi na miwili nilimshonea mume wangu Hilaire viraka, maana asidi ya kiwanda cha Shituru ilitoboa nguo zake za kazi, vitundu vidogo kama vya sigara. Suruali ya huyu ilikuwa nzima.

"Utafika ku kanisa, utageuka," nilimwambia. "Minye nitaikala hapa."

"Haina neno, citoyenne."

Niliinama kama ninayepangusa vumbi, nikafunga robine, koki ya mafuta chini ya tangi. Hilaire ndiye aliyenionyesha: ukiifunga, pikipiki huenda kidogo kwa mafuta yaliyobaki ndani, halafu huzima yenyewe.

Nikampa ufunguo.

Alifika kanisani, akapita bila kupunguza mwendo. Jirani yangu akapiga ukelele wa mwizi, wanaume wakatoka mbio.

Mimi niliingia jikoni, nikachukua mchi wa kutwangia majani ya sombe, nikawafuata polepole.