Mapumziko Rasmi ya Adero

Adero alijifungia chooni, akashusha kifuniko, akaketi. Hakuwa na haja yoyote. Alihitaji kiti tu, na viti vyote vya nyumba vilikuwa vimekaliwa na wageni tangu asubuhi.

Kila kundi lilipofika alisonga ugali mpya, maana mgeni hapewi ugali uliopoa. Sasa aliulaza mkono gotini, akautazama kama anayemtembelea mgonjwa: malengelenge kiganjani, gamba la samaki limekaukia kwenye pete ya ndoa.

Mlango uligongwa. "Nani huko? Watu tumebanwa!" shemeji yake alilalamika. "Na wageni wengine wamefika!"

"Nyar Sondu yuko wapi?" mama mkwe aliuliza. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Sondu. Tangu afike kutoka Mbita alikuwa ameukosoa mchuzi, mapazia na hata namna paka alivyolala.

Adero alishika kitasa.

Kandambili zilikuja, zikasimama mlangoni.

"Hiki choo kimeharibika," mama mkwe alitangaza. "Nendeni kwa jirani."

"Lakini Mama, kuna mtu ndani..."

"Kimeharibika! Na wewe una mikono. Nenda usonge ugali."

"Mimi? Mwanamume?"

"Maji yanachemka."

Kiti kiliburutwa sakafuni, kikagota mlangoni. Mtu mzito aliketi upande wa pili, akashusha pumzi.

Adero aliachilia kitasa. "Asante, Mama," alinong'ona.

"Choo kilichoharibika hakiongei," mama mkwe alisema.