Gari la Maharusi

Kitu cha kwanza alichokiona Tatu pale kwa muuza magari ni mchanga. Chini ya gari jekundu ulikuwa mpya, umemwagwa asubuhi ile. Chini ya jeupe palikuwa pakavu na pagumu.

Yote mawili yalikuwa magari ya wazi, ya kukunja paa, na mumewe Shomari alitaka kununua moja, awe analikodisha kwa wenye harusi. Alikuwa ameshakaa ndani ya jekundu, anajitazama kwenye kioo.

"Shemeji, hilo likipita, mtaa mzima unatoka nje," muuzaji alimwambia Tatu. "Jeupe injini nzima, lakini paa limechanika. Nani atapiga picha na matambara?"

Tatu aliuchokonoa mchanga kwa kandambili. Oili nyeusi ikajitokeza.

"Inavuja kidogo tu," alisema Shomari.

"Maharusi wanakwenda polepole nyuma ya matarumbeta, mtaa hadi mtaa," Tatu alisema kwa sauti ndogo. "Hili litachemka kabla bibi harusi hajafika kwa mume."

Shomari alishuka shingo upande. "Haya, jeupe. Mimi nitaendesha. Wewe utakaa nyuma, umshikie bibi harusi shela."

Siku nyingine Tatu angeitikia. Leo alifungua mlango wa jeupe, akaketi kwenye usukani, akaliwasha kama kaka yake alivyomfundisha. Injini ilishika mara moja. Shomari alisimama upande wa pili ameshika kitasa, hajafungua.

"Nataka kuendesha mimi, baba Rukia."